Faida ya Wanasesere Inapotelea Wapi?

Swali: Mhariri, ninatengeneza wanasesere wa nyuzi za mgomba, wenye macho ya vifungo, hapa Masaka na kuwapeleka Kampala kwa mali kauli, yaani mwenye duka hunilipa akishauza, lakini faida siioni. Nifanyeje?

Jibu: Dada yetu, wengi huhesabu uzi, gundi na nauli, wakasahau saa walizotumia kuanika na kusuka nyuzi, ilhali jasho hilo mara nyingi ndilo gharama kubwa kuliko zote, liandike daftarini kwanza, ndipo upange bei. Mwenye duka naye akupe hati yenye idadi, bei na siku ya malipo. Tena nakusihi sana: vifungo viondoe, macho uyadarizi kwa uzi, kwani mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, na kifungo kinaweza kumkaba koo.