Kupaka rangi kayaki ya turubai: kila kitu ni mkono wa kwanza

Kayaki ya turubai ni mtumbwi mwembamba wa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa. Nyingi zinazovuja zina rangi ya kutosha, tena nene. Tatizo ni kwamba rangi imekaa juu ya kitambaa, haikuingia katikati ya nyuzi.

Anza dukani. Turubai linalouzwa kila mahali siku hizi ni la plastiki, na hilo rangi hailishiki. Hubanduka maganda maganda. Unachotaka ni turubai la pamba tupu, la gramu 350 hadi 500 kwa mita ya mraba, lisilotiwa nta. Chomoa uzi mmoja uuchome. Wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Wa plastiki huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Usilifue kabla ya kuliwamba, kwa sababu kule kusinyaa ndiko kutakakolikaza kwenye fremu.

Mataruma (mbavu za fremu), mkuku (uti wa chini wa fremu) na mbao zote za ndani zipige vanishi mapema. Kitambaa kikishapigiliwa, brashi haifiki tena.

Tumia misumari midogo ya shaba au pini zisizoshika kutu. Ukimaliza kuwamba, mwagia maji ya moto upande wote wa nje. Nyuzi zitanywea na mikunjo midogo itapotea. Mkunjo utakaobaki hapo rangi haitauondoa: ng'oa misumari ya sehemu hiyo uvute upya. Acha likauke kabisa penye upepo, siku mbili au zaidi wakati wa mvua, na uguse kwa ndani karibu na mkuku, maana unyevu hujificha huko. Rangi ya mafuta juu ya pamba yenye maji hutoa malengelenge.

Kayaki ya mita nne na nusu ina eneo la kama mita 6 za mraba. Kopo la lita 4 la rangi ya mafuta ya nje, ile inayokauka ikabaki na unyumbufu, linatosha. Usishangae mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ukila karibu nusu ya rangi yote.

Mkono huo changanya glasi moja ya tapentaini kwa glasi tano za rangi. Tumia brashi ngumu, chovya kidogo, sugua kwa miduara, kisha pitisha kwa urefu na kwa upana wa nyuzi. Rola haifai hapa, inapita juu ya vitundu na kuviacha wazi. Rangi ikianza kudondoka ndani, umeizimua kupita kiasi au unachovya sana. Ikikauka, subiri usiku, weka taa ndani ya kayaki na uizunguke kwa nje. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Zisugulie rangi hizo nukta moja moja kabla ya kuendelea.

Sasa shughulikia mishono, na ubao wa kinga unaofungwa nje chini ya mkuku. Kila skrubu inayopita kwenye turubai ni mlango wa maji, kwa hiyo laza ubao huo juu ya gundi ya poliyurethani inayozuia maji. Silikoni iache: rangi haiishiki, na mabaki yake hayatoki kirahisi.

Mkono wa pili na wa tatu hupigwa bila kuzimua, myembamba, kila mmoja baada ya saa 24 au zaidi. Katikati pitisha msasa namba 220 kuondoa manyoya tu. Usiukandamize juu ya mataruma wala kwenye kona za omo (mbele) na tezi (nyuma). Hapo kitambaa kimebanwa na mbao, na msasa hukata nyuzi. Mitatu inatosha. Rangi nene hupasuka pale turubai linapojipinda, na ufa huo hunywesha pamba maji.

Wapo wanaopendekeza lami. Jua huilainisha, na rangi ya mafuta ukiipaka juu yake huchafuka hudhurungi. Resini ya faiba nayo hukakamaa, kisha hupasuka kando ya mataruma. Hata deheni ya majahazi (mchanganyiko wa mafuta na chokaa), ambayo kwenye mbao ina heshima yake, haifai hapa: mafuta yake huzuia rangi isishike.

Turubai kwa ndani liache bila rangi, ili unyevu upate pa kutokea. Ukitoka baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi huvuta unyevu, kisha ifudikize kivulini juu ya magogo mawili mpaka ikauke. Kayaki iliyofungiwa stoo mbichi huota kuvu, na pamba huoza ukiwa bado unaiona rangi nzima.

Kitambaa kikichanika, kata kiraka cha turubai hilohilo, kizidi tundu kwa sentimita 4 kila upande, kona zake zikiwa za mviringo ili zisibanduke. Paka rangi isiyozimuliwa pande zote mbili zinazogusana, kandamiza, ikikauka paka tena juu. Matambara yenye rangi au mafuta ya kitani yatandaze nje au yaloweke majini. Yakirundikwa pamoja hujipasha joto na yanaweza kuwaka yenyewe.