Kampuni Iliyofungasha Virago

Mhariri ameuliza wiki hii: kati ya kampuni za kubuni tunazokutana nazo kwenye gemu, ni ipi mbaya kuliko zote, na kwa nini? Nimecheza mfululizo wa Borderlands tangu enzi za PlayStation 3, na najua wengi waliouchezea wataandika jina moja tu, Hyperion. Mimi naandika Dahl.

Kwa asiyeijua Borderlands, ni gemu za kupiga risasi zilizoanzishwa na Gearbox Software ya Texas, Marekani. Ya kwanza ilitoka 2009, ya pili 2012, ikafuata The Pre-Sequel mwaka 2014, ya tatu 2019 na ya nne 2025. Sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye sayari ya Pandora, kukavu, kumejaa wanyama wakali na majambazi waliovaa vinyago. Serikali hakuna. Kuna kampuni, na karibu zote zinatengeneza bunduki: Atlas, Hyperion, Dahl, Maliwan, Jakobs, Tediore, Torgue, Vladof. Kadhaa kati yake zina majeshi na meli za angani, na zinagombania Vault, zile hazina zilizofungwa na viumbe wa kale. Mchezaji ni mtu wa kuzitafuta hizo hazina, hana mshahara wala bosi, ila tamaa yake.

Tuanze na bunduki zenyewe, maana hapo wabunifu walifanya kazi ya maana kuliko mahali pengine popote. Kila kampuni ina mkono wake, na mchezaji mzoefu anaitambua hata kabla hajasoma jina. Jakobs ni mbao na chuma kizito, na inafyatuka kwa kasi ya kidole chako mwenyewe. Vladof inamwaga risasi bila hesabu. Torgue inarusha vilipuzi vidogo badala ya risasi za kawaida. Maliwan inachoma, inapiga shoti ya umeme, inamwagia adui asidi. Hyperion imegeuza mambo: mwanzoni inayumba, lakini kadiri unavyoendelea kufyatua ndivyo inavyotulia. Hebu fikiria aliyekaa ofisini akaamua kwamba bunduki yake itamtuza asiyeacha kupiga.

Ninayoipenda mimi ni Tediore, na sioni haya kusema. Ni bunduki ya bei ya chini, inaonekana kama kitu cha kutumia mara moja, na ndivyo ilivyo. Haijazwi risasi. Ukibonyeza kitufe cha kujaza, mhusika wako anamtupia adui bunduki nzima, inalipuka, kisha nyingine mpya inajiunda mkononi. Ujanja uko hapa: kadiri risasi zilizobaki ndani zilivyo nyingi ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa. Basi anayeijua anapiga mara mbili tatu, anatupa, anapiga, anatupa. Akiba ya risasi inaisha mbio, na mashine ya kuuzia risasi iko pale pembeni. Mashine hizo ni za Marcus Kincaid, mfanyabiashara anayeuzia kila upande na ambaye pesa yake ikishaingia hairudi. Umefunzwa kutupa ulichonunua ili ununue kingine, na huku unacheka. Nimeona matangazo ya simu za mkononi yanayojaribu jambo hilohilo kwa ustadi mdogo zaidi.

Sasa Hyperion. Naelewa kabisa kwa nini watu wanaichagua. Katika gemu ya pili inaongozwa na Handsome Jack, mtu anayejiona shujaa wa hadithi huku wewe ukiwa jambazi. Ana kituo cha angani kiitwacho Helios, chenye umbo la herufi H, kinachoning'inia mbele ya mwezi na kuangusha maroboti na mizinga chini. Amemfungia binti yake mwenyewe, Angel, akamfanya sehemu ya mtambo. Na katikati ya ukatili huo anakupigia kwa redio kukueleza kwamba amejinunulia farasi wa almasi. Ukiuawa, kinachokufufua ni kituo cha Hyperion, na kinakata sehemu ya pesa zako kabla hakijakurudisha. Kampuni inayotaka ufe ndiyo inayokutoza ada ya kufufuka. Sijaona mzaha mkali zaidi ya huo katika gemu yoyote.

Kwenye kibanda cha gemu hapa Kondele tulikuwa tunaicheza wawili kwa televisheni moja, skrini imekatwa nusu kwa nusu. Mimi nilimchukua Axton, mwenye bunduki ya mtambo anayoitega chini ikajipigia yenyewe. Jirani yangu alimchukua Salvador, anayeshika bunduki mbili kwa pamoja. Mwenye kibanda hakutupenda. FIFA analipisha kwa mechi na mechi inaisha. Sisi ilibidi atutoze kwa saa, na stima ikipotea kabla gemu haijahifadhi tulikuwa tunamwomba dakika za bure. Lakini Jack akianza kuongea, hata waliokuwa wakingoja zamu ya FIFA walinyamaza wasikilize. Wengine walimshangilia. Hadi leo kuna vijana wanaojiita Jack kwenye akaunti zao, na sijamwona hata mmoja anayejiita Dahl.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Jack ana uso na sauti, na ana mwisho: unamfuata, unampiga, anaanguka, unaokota bunduki. Hasira yako imepata pa kwenda. Dahl haina mtu wa namna hiyo. Nimepita gemu hizo zote hadi ya tatu bila kukutana na mkuu wa Dahl aliyenisimamia mbele nimpige. Kilichopo ni nembo kwenye makontena yaliyopata kutu.

Hadithi yake ni hii. Dahl ilifika Pandora kuchimba madini na kutafuta mabaki ya viumbe wa kale. Kazi ya migodini ikawapa wafungwa iliowasafirisha kutoka kwingine, vibarua wasioweza kuacha kazi. Ilifika wakati wa baridi, na mwaka wa Pandora ni mrefu mno, kwa hiyo baridi hiyo iliendelea miaka, wanyama wote wakiwa wamelala ardhini. Walowezi wakajenga wakidhani wamepata nchi tulivu. Majira yalipogeuka wanyama wakaamka na njaa. Mambo yalipoharibika Dahl ilifungasha virago, ikaondoa iliowaona wa maana, na milango ya magereza ikaachwa wazi. Wale wenye vinyago wanaokurukia wakipiga mayowe tangu saa ya kwanza ya gemu ya kwanza, ambao utawaua kwa mamia bila kuuliza, chimbuko lao ni wafanyakazi wa Dahl.

Niliposikia hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshaua wengi kiasi kwamba sikutaka kuhesabu.

Halafu kuna Patricia Tannis. Ni mtafiti wa mambo ya kale aliyeletwa Pandora na Dahl pamoja na wenzake, na katika gemu ya kwanza unakuta rekodi zake za sauti zimetapakaa jangwani. Unazisikiliza huku unatembea. Mwanzoni ni mtaalamu anayeripoti kazi, sauti kavu, maneno ya kisomi. Wenzake wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Polepole anaanza kuzungumza na kile kinasa sauti kama mtu wa nyumbani mwake, anakinunia, wanakosana. Inachekesha, na waandishi walitaka ucheke. Ila ukizipanga rekodi hizo kwa mfuatano unaona ni mfanyakazi aliyeachwa, anayeendelea kuandika ripoti kwa ofisi isiyosoma tena. Tannis anaendelea kuwemo katika gemu zinazofuata, akiwa msaada mkubwa kwa mashujaa, na akili yake haikurudi pale ilipokuwa. Hakuna gemu inayomdai Dahl chochote kwa ajili yake.

Hata Sanctuary, mji wa mashujaa katika gemu ya pili, ni meli ya zamani ya Dahl ya kuchimbia madini. Watu wamejenga baa, kliniki na duka la bunduki juu ya chuma kilichoachwa. Mnapozuru mji ule kwa mara ya kwanza mtaona ni mahali pa raha kidogo. Mimi niliona watu wanaoishi ndani ya mashine ya mwajiri aliyekimbia.

Labda nafikiri hivi kwa sababu ya ninakotoka. Wakenya hatuhitaji kubuniwa kampuni inayotawala nchi. Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, na kwa hati hiyo ikawa na ruhusa ya kutoza ushuru na kuendesha mahakama. Misafara yake ya Uganda ilikuwa ikipitia huku magharibi, ikipumzika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Pesa zilipoiishia, serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mwaka 1895 na kampuni ikalipwa fidia. Wenye nchi hawakuulizwa siku ilipokuja, wala siku ilipoondoka.

Na karibu zaidi, kuna Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kilichoanza mwaka 1922 hapa kaunti ya Kisumu. Kimekaa kimya zaidi ya miaka 20. Sisemi waliokiendesha ni Dahl. Sababu za viwanda vya sukari kuanguka ni ndefu na mhariri hana kurasa za kutosha. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia karibu na kiwanda kilichofungwa, akiingia Pandora, hahitaji kuonyeshwa njia. Anajua kwa nini kuna reli isiyoelekea popote, na kwa nini wazee wa mahali pale bado wanataja jina la kampuni wanapoelekeza mgeni.

The Pre-Sequel ilinimaliza kabisa. Hadithi yake iko Elpis, mwezi wa Pandora. Dahl ilichimba pale hadi ardhi ikapasuka, lava ikatoka, hewa ikaponyoka. Ndiyo maana gemu nzima unatembea na kifaa cha kupumulia, ukitafuta mianya ya hewa ya kujazia, na ukichelewa kukijaza unaanza kuumia. Watengenezaji wamekifanya kifaa hicho kiwe cha raha: kinakuwezesha kuruka mbali na kumwangukia adui kwa kishindo. Lakini kila unapokiangalia kile kipimo cha hewa kikishuka, ni deni la Dahl unalolipa wewe.

Adui wako humo ni Kanali Zarpedon na askari wake, jeshi la Dahl lililobaki huko juu. Wanavamia Helios, na Jack, ambaye wakati huo bado anapanda ngazi za Hyperion, anakuajiri uwafukuze. Zarpedon ana sababu zake. Anataka kuharibu ule mwezi kabla Vault iliyomo haijafunguliwa, na kadiri unavyosonga mbele ndivyo unavyoona hakuwa kichaa. Hata hivyo unawaua askari wake, wamevaa sare ya Dahl, unaokota bunduki zao za Dahl, ambazo kwa kweli ni nzuri sana, hazitikisiki, na unazitumia kuwaulia wenzao. Malipo yanatoka Hyperion. Na Axton niliyekuwa nikimcheza katika gemu ya pili naye alikuwa askari wa Dahl aliyehukumiwa kuuawa akatoroka. Kampuni ile ina kawaida.

Mwenzangu wa nusu ya pili ya skrini anabisha. Anasema Atlas ilikuwa na Crimson Lance, jeshi lililoitawala Pandora kwa mabavu katika gemu ya kwanza, na kwamba Maliwan katika gemu ya tatu iliupiga mabomu mji mzima kwenye sayari ya Promethea ili iinunue Atlas kwa nguvu. Ni kweli. Ila Maliwan angalau ilikuwa inataka kununua kitu, na aliyeongoza vita vile, Katagawa Jr., unapigana naye ana kwa ana. Atlas nayo iliporomoka, na aliyeiokota, Rhys, alijaribu kuifanya iwe na haya. Gemu ya tatu yenyewe iliniudhi kwa sababu nyingine: ilizisogeza kampuni pembeni ikawapa uovu wote mapacha wa Calypso na wafuasi wao wanaopenda kamera. Watu wawili wenye kelele hawawezi kujaza nafasi ya ofisi yenye wahasibu.

Ningependa siku moja waandishi watupe misheni ya kuingia makao makuu ya Dahl. Sitaki hata bosi wa mwisho. Nipeni kabati la mafaili, na faili la uamuzi wa kuondoka Pandora, tuone aliyetia sahihi na kama kulikuwa na mjadala wowote kuhusu wafungwa, au lilikuwa jambo la dakika tano kati ya mengine.

Anayetaka kuhakikisha ninayosema aanze na gemu ya kwanza na asikimbilie misheni kubwa. Azitafute rekodi za Tannis kwa mpangilio wake, kuanzia zile za Arid Badlands, na azime muziki. Zitamgharimu muda mwingi na hazitamtajirisha, kwa hiyo kama anacheza kibandani na analipa kwa saa, aelewane na mwenye kibanda mapema.

Fundi wa simu, Kondele, Kisumu