Dishi au kebo kwa mpira wa HD: nimekaa na vyote viwili hapa Unguja

Assalaamu alaykum mleta uzi. Umesema umehamia Fuoni, kwenye nyumba yenye mwembe upande wa machweo, umenunua TV ya inchi 43, jirani yako ana kebo na yuko tayari muunganishwe waya mmoja, lakini wewe unataka mpira wa HD hasa, Ligi ya England na Ligi Kuu ya Bara. Mie nilikaa na kebo miaka minne kwenye fleti Michenzani, kisha nikahamia nyumba ya chini nikafunga dishi. Jibu langu ni dishi, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu wengi waliokujibu hapo juu wamezungumzia bei tu.

Anza na ligi. Ligi ya England huku kwetu iko SuperSport, yaani DStv. Ligi ya Bara iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ukitaka zote mbili king'amuzi kimoja huenda kisikutoshe, na hata madishi yao hayaelekezwi upande mmoja: satelaiti ya Azam iko juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki, ambayo kwetu ni upande wa magharibi, na ya DStv iko nyuzi 36. Kwa hiyo kaa na nafsi yako uamue ipi ndiyo roho yako na ipi utakwenda kuitazama barzani.

Sasa kebo. Michenzani nilikuta waya umeshaingia ndani, nikalipa, sikusumbuka na fundi wala ngazi. Taarifa ya habari, tamthilia, katuni za watoto, sikuwa na la kulalamika. Mpira ndio ulionifungua macho. Aliyekuwa akituuzia alikuwa na dishi lake na ving'amuzi vyake, kila kimoja amekiweka kwenye chaneli moja, halafu anasambaza waya mtaa mzima. Maana yake Jumamosi saa kumi na moja jioni, mechi zinachezwa kadhaa kwa wakati mmoja, sote tunatazama ile aliyoichagua yeye. Kuna siku mechi imefika dakika ya sabini na kitu, mara menyu ikatokea juu ya skrini. Orodha ya chaneli ikawa inashuka mstari mmoja mmoja, inasimama, inapanda, inashuka tena. Mtu yuko kwake na rimoti anatafuta kitu, na sisi majumbani tunatazama anavyotafuta. Aliporudi kwenye mpira, matokeo pale pembeni yameshabadilika. Nilikasirika sana, maana nilikuwa nimelipa kama wengine.

Na hata ilipokuwa shwari, haikuwa HD. Kwenye king'amuzi chake ilikuwa HD, lakini aliigeuza kuwa analogia, yaani ule mtindo wa zamani, ili ipite kwenye waya wake, ikatufikia ya kawaida. Picha ya HD kamili ina vidoti 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Ya kawaida ina 720 kwa 576, kama 415,000 tu. TV yako kubwa inalazimika kuvitanua hivyo vichache vijaze skrini nzima. Ndipo unapoona majani ya uwanja yamekuwa rangi moja ya kijani kama yamepakwa, majina ya migongoni hayasomeki, na pasi ndefu mpira unaacha mkia. Juu ya hayo tulikuwa tunachelewa. Barza ya chini walikuwa na dishi lao. Wao wanaruka kwa goli, mie bado namwona mtu anaweka mpira kwenye kona.

Sisemi waya wenyewe una kasoro. Kebo ya kidijitali, yenye king'amuzi chake na kampuni yenye haki ya kuonyesha hizo chaneli, inaweza kubeba HD vizuri kabisa. Kwa hiyo kabla hujamkatalia jirani, nenda kwake wakati mechi inachezwa, kaa hatua tatu mbele ya TV, ujaribu kusoma jina mgongoni mwa mchezaji anayekimbia. Na mwulize kama anachagua mechi mwenyewe au anachaguliwa. Akikujibu anachaguliwa, usiunganishe.

Jambo jingine watu hawalifikirii ni umeme. Kebo ina vikuza mawimbi njiani, juu ya nguzo na kwenye kuta, navyo vinahitaji umeme. Umeme ukikatika mtaa wa pili, wako unawaka lakini chaneli hakuna. Nilikuwa na jenereta ndogo, nikawa naliwasha kutazama skrini tupu. Dishi halina habari na mtaa wa pili. Ukiwa na umeme wako ndani, unatazama.

Nakuja kwenye mvua, maana najua ndiyo utakayoambiwa na wapenzi wa kebo, na wana haki yao. Mawimbi haya ya satelaiti ni mafupi, kiasi cha sentimita 2 na nusu, na matone makubwa yanayanyonya. Masika ikishuka ile ya mkupuo, picha inakatika katika, kisha inapotea. Mwenye kebo ana dishi kubwa, anastahimili zaidi yako, ingawa naye akizidiwa mtaa mzima unazidiwa. Dawa ni dishi lenye ukubwa wa kutosha na kulenga vizuri. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara mbili na robo ya lile la sentimita 60, na hiyo ziada ndiyo akiba yako siku ya mvua. Fundi akimaliza usimruhusu ashuke kwa sababu picha imetokea tu. Mwambie afungue ule ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, asogeze dishi kidogo kidogo mpaka kipimo cha ubora kisiweze kupanda tena, halafu ndipo akaze nati. Kwangu mara ya kwanza aliacha ubora nusu, na kila wingu zito lilikuwa linanikatia mpira. Alipokuja mwingine akalenga sawasawa, sasa nakosa dakika chache tu za mvua kubwa.

Adui mkubwa zaidi hapa visiwani ni chumvi. Mwaka wa pili picha ilianza kukwama bila mvua. Nikapanda mwenyewe, nikafungua kile kichwa cha waya kinachoingia kwenye LNB, yaani kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Ndani ule uzi wa katikati ulikuwa umeota ukijani, na nilipougusa ukavunjika kama kijiti kikavu. Kumbe ulikuwa chuma kilichopakwa shaba, si shaba tupu. Nunua waya wa shaba tupu hata ukiwa ghali, kichwa kipakwe grisi na kufungwa tepu ya mpira, na waya uachwe uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke nje.

Na unganisha king'amuzi na TV kwa waya wa HDMI, ndio unaopitisha HD, tafadhali. Shemeji yangu wa Chake Chake alilipia chaneli za HD karibu mwaka mzima huku king'amuzi kimeungwa kwa ule waya wa nyekundu, nyeupe na njano, ambao HD haupitishi. Nilipokwenda nikabadilisha waya mmoja tu, akanyamaza kimya akitazama majani ya uwanja.

Ungekuwa Mji Mkongwe ningekushauri vingine, kwa sababu vichochoro vinaziba mbingu na kuta za mawe na chokaa za mji wa urithi wa dunia si za kutobolewa ovyo. Huko kebo nzuri ni heri. Lakini wewe Fuoni una bati na una mbingu. Kilichobaki ni ule mwembe uliosema uko upande wa machweo. Karibu na tarehe 20 ya mwezi wa tatu au wa tisa, jua hapa kwetu hupita karibu kabisa na ilipo satelaiti ya Azam mnamo saa tisa alasiri, na ya DStv baada ya saa sita u nusu mchana, juu ya utosi karibu. Simama saa hizo pale unapotaka kufunga. Kivuli cha mwembe kikikufunika, na dishi litafunikwa, basi sogea kwenye bati mpaka jua likupige usoni, uweke alama hapo kabla hujamwita fundi.