Mbona WHO wanasema mpaka usifungwe?

SWALI: Daktari shikamoo. Mimi niko Bukoba, mzigo wangu nachukulia Mutukula, mpakani na Uganda. Kila Ebola ikisikika Uganda au Kongo watu huku wanasema fungeni mpaka hadi iishe, ila WHO, Shirika la Afya Duniani, wao kila siku msifunge msifunge. Wenzetu wako Geneva, sisi ndo tunaoishi mlango mmoja na ugonjwa. Hii imekaaje?
Mama wa Mutukula

JIBU: Marahaba mama, hilo la Geneva limenichekesha. Ila nikuulize, njia za panya si unazijua? Geti likifungwa watu hawalali nyumbani, wanakatiza mashambani, na huko hakuna wa kumpima mtu joto wala wa kuandika namba yake ya simu.

Juni 2019 kuna familia ilitoka Kongo kumuuguza mzee wao aliyekufa kwa Ebola, kufika mpakani Kasindi wakawekwa pembeni wasubiri, baadhi wakachomoka wakapita vichochoroni hadi Kasese, Uganda. Mtoto wa miaka 5 akafariki, kisha mdogo wake na bibi yao. Lakini haikuenea Uganda! Kongo walipoona watu hawapo waliwashtua wenzao ng'ambo, na Uganda ilikuwa imeshachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 kabla mgonjwa hata mmoja hajaingia. Hiyo simu na hiyo chanjo ndo vilivyofanya kazi mama, sio geti.

Rwanda nao tarehe 1 Agosti mwaka huohuo walifunga mpaka wa Goma, mji wa Kongo, kwa ajili ya Ebola, siku hiyohiyo wakafungua, maana pale wanavuka maelfu kwa maelfu kila siku, wakale wapi?

Halafu kuna hili linaloniudhi. Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi ikishajiridhisha ina jambo zito inatakiwa iwaambie WHO ndani ya saa 24. Afrika Kusini wakafanya hivyo na Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, Novemba 2021, siku mbili tu Ulaya na Marekani wakatangaza kuzuia wasafiri wao. Yaani aliyesema ndo kachapwa, sasa kesho nani atawahi kusema? Na WHO hawana polisi, anayezuia wasafiri anatakiwa tu awape sababu ndani ya saa 48, asipotoa hakuna faini.

Wewe pita getini hata foleni ikiwa ndefu, na ukiwa na homa mzigo usubiri, nenda zahanati kwanza uwaambie ulikotoka.