Chanjo ya mkanda wa jeshi na afya ya moyo

Umeuliza kama chanjo ya mkanda wa jeshi inaweza kuulinda moyo pia. Dalili zipo, na zinastahili kuzingatiwa. Virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini mtu anapopona. Hujificha kwenye mizizi ya neva kwa miaka mingi, na vinapoamka na kuleta mkanda wa jeshi, hasa katika neva ya paji la uso na jicho, vinaweza kupenya hadi kwenye kuta za mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, kuta hizo zikavimba, njia ikawa nyembamba, na damu ikaganda kwa urahisi. Ndiyo maana hatari ya kiharusi hupanda katika wiki za mwanzo baada ya vipele kutokea.

Nchini Korea Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia watu zaidi ya milioni 1.2 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea; hatari ya matatizo ya moyo na mishipa ilikuwa pungufu kwa asilimia 23 kwa waliopata chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Nakuomba, hata hivyo, usiichukue takwimu hiyo kama uthibitisho, kwa sababu wanaojitokeza kuchanjwa mara nyingi ndio hao hao wanaojali afya zao katika mambo mengine.

Kama unatumia dawa za shinikizo la damu, ziendelee kama kawaida. Mwenye kinga dhaifu hapaswi kupewa chanjo yenye virusi hai. Amwulize daktari kuhusu ile isiyo na virusi hai, inayotolewa kwa dozi mbili.