Handaki la reli lililoachwa: mhandisi huanza na nini?

Swali: Naishi Makadara, Nairobi. Nasoma kwamba miji ya ng'ambo inafufua mahandaki na stesheni za reli zilizoachwa, na mitaa iliyodorora inachangamka. Mhandisi akiingia humo hukagua nini kwanza? Na sisi tusio na reli ya chini ya ardhi, funzo letu ni lipi?

Jibu: Maji. Kabla ya reli na taa, tunatafuta maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mahandaki mengi ya zamani yalijengwa kwa matofali na chokaa. Maji yakipenya nyuma ya ukuta huilainisha chokaa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo tunapita na nyundo tukigonga ukuta, sikio likiwa kazini. Tofali lililoshikana hulia mlio mkavu, mkali. Palipoachana husikika kama debe tupu. Hapo tunatia alama ya chaki, na hapo ndipo fedha nyingi zitakapokwenda. Asije mtu akakupigia lipu juu ya unyevu! Zibua mitaro kwanza, toboa matundu ya kutolea maji, ndipo uguse ukuta.

Likishakauka, amua: treni au watu? Handaki la Snow Hill, London, lilikosa treni za abiria tangu 1916. Mwaka 1988 likarudishiwa reli, na sasa treni za Thameslink hupita humo zikiunganisha kaskazini na kusini mwa jiji. Lile la Combe Down mjini Bath, lenye urefu wa mita 1,672, lilifungwa 1966 na kufunguliwa 2013 kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Treni hudai zaidi: nafasi ya juu na kando, milango ya kukimbilia moto ukizuka, na namna ya kuutoa moshi.

Nairobi urithi wetu uko juu ya ardhi: reli ya upana wa mita moja iliyofika hapa 1899. Reli mpya ya SGR ilipoanza 2017 na kuishia Syokimau, mbali na katikati ya jiji, ni njia hiyo kuukuu iliyobeba abiria hadi stesheni ya zamani mjini. Mimi naithamini sana. Lakini stesheni haiinui mtaa kwa kupakwa rangi. Tazama Githurai: honi ikilia, akina mama wanainua nyanya na sukuma wiki kutoka relini, treni inapita, wanapanga tena. Soko tayari lipo. Linalohitajika ni vibanda kando ya njia, kivuko cha juu na taa za usiku, wala si kuwafukuza.

Kwako Makadara, mvua ikikatika katazame kalvati iliyo karibu na stesheni. Maji yakisimama mtaroni, udongo mweusi wa Eastlands hufura chini ya kokoto, mataruma hupanda na kushuka, na treni hulazimika kupunguza mwendo. Piga picha, andika tarehe, uiambatishe kwenye barua yako kwa Shirika la Reli.