Katika riwaya ya upelelezi, picha nayo ni ushahidi

Swali la wiki hii lilikuwa: mtoto ambaye tayari anasoma mwenyewe aendelee kupewa vitabu vyenye picha, au picha zitamfanya awe mvivu wa kusoma? Mimi nasema apewe, na mzazi mwenye wasiwasi aanze na riwaya ya upelelezi yenye michoro. Humo picha si pambo. Ni sehemu ya ushahidi, na asiyeitazama vizuri hamkamati mwizi.

Binti yangu ana miaka minane na siku hizi habanduki kwenye riwaya ya namna hiyo. Mkufu umeibwa usiku katika nyumba kubwa yenye wageni, na kila aliyelala humo anashukiwa. Tunaelezwa kwamba saa saba usiku mlinzi alikuwa amelala fofofo. Kwenye sura hiyohiyo kuna mchoro wa ukumbi: ngazi, paka, saa ya ukutani, dirisha. Mtu mzima huupitia mchoro kama huo haraka ili aendelee na maandishi. Yeye aliuinamia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, kisha akaniuliza, "Baba, kama mlinzi amelala, huyu anayemulika tochi nje ni nani?" Kweli, pembeni mwa dirisha palikuwa na duara dogo jeupe, na mishale ya saa ilionyesha saa saba kamili. Mwandishi hakuwa ameandika hata neno moja kuhusu mwanga ule.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifurahisha zaidi. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akausoma upya ushahidi wote kwa sauti, huku kidole kikifuata mstari, akagundua kwamba aliyesema mlinzi alikuwa amelala ni mpishi. Mlinzi mwenyewe hakuwahi kuulizwa! Sasa niambieni, huo uvivu uko wapi? Picha ndiyo iliyomrudisha kwenye maneno, tena kwa umakini ambao maswali ya ufahamu ya darasani hayajawahi kumtoa.

Hadithi za upelelezi zina utamaduni wa kumtendea haki msomaji. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa akiandika hadithi hizo, alitoa kanuni kumi za utunzi wake, na mojawapo inamkataza mpelelezi kuficha kidokezo alichokipata: msomaji naye akione papo hapo. Mchoraji mzuri huifuata kanuni hiyo kwa kalamu yake. Anakuwekea jambo waziwazi, ila katikati ya vitu vingine ishirini. Na hapo mtoto humshinda mzazi, kwa sababu yeye hana haraka ya kufika mwisho wa ukurasa. Kwake kumtangulia baba yake ni raha kubwa mno, na sioni sababu ya kumnyima.

Wanaodhani vitabu vya picha lazima viwe vyembamba wautazame "The Invention of Hugo Cabret" wa Brian Selznick, uliotoka mwaka 2007. Una kurasa zaidi ya 500, na kuna sehemu ambako maneno yananyamaza kabisa na michoro inaendeleza kisa, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 2008 ulipata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto.

Unapochagua kitabu, jiulize kama fumbo lingefumbuliwa vilevile hata picha zote zikiondolewa. Jibu likiwa ndiyo, tafuta kingine. Mtoto akishaanza kusoma, usimhoji kama mtahiniwa, na tafadhali usimtajie mwizi hata akikubembeleza. Akimshuku asiye na hatia, mwache amshuku. Atalazimika kutafuta sababu, na akikosa atambadilisha mwenyewe.

Tena usimkataze kurudia kitabu alichokimaliza. Wengi huona kwamba mwizi akishajulikana utamu umekwisha, lakini usomaji wa pili una utamu wake: mtoto anamjua mwongo tangu ukurasa wa kwanza, na anachunguza mchoraji alimchoraje, macho yanatazama wapi, mkono upi umefichwa mfukoni. Wangu yuko hapo sasa. Anadai mpelelezi alichelewa sura mbili nzima kumtambua mwizi, na ukibisha anakufungulia ukurasa wenyewe.